Mtoto anajumlisha badala ya kuzidisha: x kwenye uwiano sawa inatafutwaje?

Mzazi_Himbi (Goma)
Walimu, hamjambo. Kijana yuko la sita la msingi. Zoezi: 3/8 = x/20. Amejibu 15, na sababu anayo: kutoka 8 hadi 20 imeongezeka 12, basi na 3 iongezewe 12. Kwa règle de trois (namba tatu zinajulikana, unatafuta ya nne) anapata 7,5, ila ukimwuliza kwa nini 15 si sahihi, ananyamaza. Kwenye 4/x = 6/15 ameandika 4 × 6 = 15x. Na hii: mafundi 6 wanamaliza ukuta kwa siku 10, je, mafundi 4? Ameweka 6,67. Nianzie wapi?

Mwalimu_Katindo
Ndugu mzazi, anzia kwenye hiyo 15, kwa sababu ndiyo shina la mengine. Weka kando règle de trois kwanza. Mpe mambo mawili ayapime mwenyewe.

La kwanza: mdogo ana miaka 5, kaka yake ana 10. Mdogo akifika 10, kaka ana mingapi? 15. Hapo kujumlisha ni sawa, kwa sababu tofauti ya miaka 5 haibadiliki kamwe.

La pili: vikombe 3 vya mchele vinahitaji vikombe 8 vya maji (tuseme ni uji). Maji yakiwa 16, mchele ni 6, atajibu bila shida. Sasa mwambie atumie njia yake: 8 imeongezwa 8, basi 3 + 8 = 11. Ataona mwenyewe kwamba 11 haikubaliani na 6. Kwenye uwiano kinachobaki vilevile si tofauti, ni mara ngapi.

Ndipo urudi kwenye zoezi. 8 imezidishwa kwa ngapi ikawa 20? 20 ÷ 8 = 2,5. Basi 3 × 2,5 = 7,5. Athibitishe kwa kugawanya: 3 ÷ 8 = 0,375 na 7,5 ÷ 20 = 0,375. Ile 15 inatoa 15 ÷ 20 = 0,75, mara mbili ya inayotakiwa. Mtoto asifunge daftari bila uthibitisho huo.

Kuzidisha msalaba kuje mwisho. Na asikariri mishale tu: ukizidisha pande zote mbili kwa 8 na kwa 20, upande wa kushoto 8 inaondoka unabaki na 3 × 20, wa kulia 20 inaondoka unabaki na 8x. 60 = 8x, x = 7,5. Akielewa hivyo hataandika tena 4 × 6 = 15x, maana hapo amezidisha namba mbili za juu, hakuna msalaba. Sahihi ni 4 × 15 = 6x, yaani 60 = 6x, x = 10. Kama x ikiwa chini inamsumbua, apindue pande zote mbili: x/4 = 15/6. Pande zote mbili, siyo mmoja.

Fundi_Ndosho
Kosa hilo la kujumlisha liko hata kwenye chantier (mahali pa ujenzi), na huko linabomoa. Zege la 1:2:3 (simenti, mchanga, kokoto): mfuko wa simenti wa kilo 50 ni karibu lita 35, basi mchanga lita 70, kokoto lita 105. Sasa mchanga uliobaki ni lita 50 tu. Mtu anasema "umepungua 20, tupunguze 20 kila mahali": simenti 15, mchanga 50, kokoto 85. Gawanya zote kwa 15 uone: 1:3,3:5,7. Hilo ni zege maskini, huwezi kumwaga nguzo nalo.

Sahihi: simenti/50 = 1/2, yaani lita 25. Kokoto/50 = 3/2, yaani lita 75. Maji nayo yafuate. Kama mfuko mzima ulitumia lita 25 za maji, sasa x/25 = 25/35, karibu lita 18. Wengi wanasahau maji, wanamwaga yaleyale ya mwanzo.

Tahadhari moja: usigawanye mita 1 ya ujazo kwa 6 (1 + 2 + 3) ukadhani umepata simenti. Mchanga unaingia kwenye nafasi za kokoto, ujazo unapungua. Kwa mita 1 ya zege lililokwisha kumwagwa hesabu karibu mita za ujazo 1,54 za vitu vikavu: 1,54 ÷ 6 = 0,257 ya simenti, gawanya kwa 0,035 (lita 35 za mfuko mmoja), mifuko 7 na kitu.

Usafi_Keshero
Hesabu ya mafundi 4 bado haijajibiwa. Hapo kitu kimoja kikipungua kingine kinaongezeka, kwa hiyo kisichobadilika ni zao (jibu la kuzidisha): 6 × 10 = siku-kazi 60. 60 ÷ 4 = siku 15. Kabla ya kuandika chochote mtoto ajiulize: watu wamepungua, je, siku zitazidi au zitapungua? Swali hilo peke yake linaiua 6,67.

Mfano wenye aina zote mbili ni klorini ya kunawia mikono, 0,05%, kwa bidoni ya lita 20. 0,05/100 = x/20 000, x = gramu 10 za klorini halisi. Unga wa 70% una gramu 70 tu katika kila 100: 70/100 = 10/y, y = gramu 14,3. Unga ukiwa wa 65%, nguvu imepungua, basi gramu zinaongezeka: 15,4. Anayepunguza unga kwa sababu asilimia imepungua amekwenda kinyume, na maji hayo hayataua vijidudu inavyotakiwa. Angalia pia vipimo: lita zigeuzwe gramu kabla ya kuanza (lita 1 ya maji ni gramu 1000), la sivyo jibu linakosea mara elfu.

Mzazi_Himbi
Asanteni sana. Ile ya umri imemfungua macho palepale. Imebaki moja: 5/12 = (x + 1)/36. Amepata 12x + 1 = 180.

Mwalimu_Katindo
Mabano yameachwa njiani. Ni 12 × (x + 1) = 180, x + 1 = 15, x = 14. Na hapa msalaba hauhitajiki: 12 × 3 = 36, basi juu ni 5 × 3 = 15.