Tupeane uzoefu: kazi ya kampeni ilikufikisha wapi?

Mwanzilishi, Nakuru: Wadau, hamjambo. Uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 10, 2027 unakaribia, na wagombea wanatafuta vijana, hasa wanaojua kupiga na kuhariri video. Tuelezane bila kufichana: kazi ilikuwaje, malipo je, na ilikufungulia mlango gani?

Naanza mimi. Mwaka 2022 nilimrekodia mgombea wa udiwani. Video za misafara, magari na vuvuzela hazikutembea. Iliyotembea ni moja fupi: mgombea kasimama kando ya mtaro ulioziba huko Bondeni, mama mboga anamweleza jinsi maji yanavyoingia kibandani mvua ikinyesha, naye ametulia anasikiliza. Niliweka maandishi chini kwa sababu wengi hutazama status za WhatsApp ndani ya matatu bila sauti. Nikaipunguza uzito pia, maana video inayokula bando haifunguliwi. Yule mama nilimwomba ruhusa kwanza, nikamwonyesha kabla ya kuisambaza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini hata isingekuwepo, uso wa mtu si mali ya mgombea.

Kutoka Kondele, Kisumu: Nilikuwa wakala wa mgombea kwenye kituo cha kupigia kura. Unaingia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, unatoka usiku wa manane. Ndugu zangu, msitie sahihi Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, kabla ya kulinganisha hesabu yake na ile mliyoandika wenyewe kura zikihesabiwa. Kuhusu malipo, mgombea wetu alianguka na simu zikazimwa. Waliokuwa wakilipwa kila wiki kwa M-Pesa hawakudai mtu.

Kutoka Kakamega: Sisi kura ya gavana iliahirishwa kutoka Agosti 9 hadi Agosti 29, 2022, kwa makosa ya karatasi za kura, sawa na Mombasa. Bajeti ilikuwa imepangiwa kuisha tarehe 9! Hakuna mafuta ya gari, hakuna chakula cha vijana, na kampeni lazima iendelee. Hapo ndipo video za simu zilipotuokoa. Tulirekodi upya ujumbe ule ule kwa lahaja za Kiluhya, Mwisukha akiongea na Waisukha, Mwanga na Wawanga wa Mumias, na watu wakaanza kutujibu kwa sauti zao.

Wa Kisumu, sasa niko Ujerumani: Nilipata kazi ya video katika shirika la kiraia. Kwenye usaili hakuna aliyejali nilimfanyia nani kampeni. Waliuliza: ulimlenga nani, ulijuaje imemfikia, na ungebadilisha nini? Kwa hiyo hifadhi kazi zako mahali pako, si kwenye simu ya mgombea, na uandike kando ya kila video ni sehemu gani uliifanya wewe mwenyewe. Omba barua ya mapendekezo kabla ya matokeo, timu ingali pamoja.

Kutoka Busia: Dada, asante sana. Mimi nimeahidiwa kazi ya kampeni ng'ambo, lakini wakala anataka ada leo leo kupitia namba ya mtu binafsi. Nitume?

Wa Kisumu, sasa niko Ujerumani: Usitume hata shilingi. Angalia kwanza kama wakala huyo ana leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira, kisha udai mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara na aina ya viza. Akikupa, usome wote, halafu urudi hapa tuupitie pamoja.