Tupeane uzoefu: masihara msibani

Mkazi wa Makorora: Wakuu, juzi tumezika. Talakini inasomwa, kijana nyuma yangu anakenua meno na simu. Kumgeukia, ananiambia "utani tu mzee". Utani na maiti asiye mtani wako? Mwageni yenu.

Mzigua wa Muheza: Umenitonesha. Babu yetu alikuwa akichechemea. Siku ya maziko akaja mtani wetu, Mnyamwezi, kabaki huku tangu enzi za manamba wa mkonge. Akavaa kanzu ya marehemu, akatwaa bakora yake, akazunguka uani anachechemea: "Nani kala ubwabwa wangu?" Bibi, edani, akacheka mpaka akashika mbavu: "Mpeni hela huyo aniondokee!" Akapewa, akaingia kuchimba kaburi na wenziwe. Sasa dereva mmoja wa jirani, si mtani wetu kwa lolote, akaona naye atachuma hapo. Akaanza kuiga kikohozi cha babu, kile cha usiku wa mwisho. Watu kimya. Shangazi akatoka jikoni na mwiko bado una wali. Ulimtua kisogoni.

Chumbageni kwetu: Shangazi apewe soda 😂

Ostadhi wa Duga: Kucheka msibani hakufai, mtani au si mtani.

Mzigua wa Muheza: Ustadhi, mfiwa mwenyewe kacheka. Wewe umefiwa na nani hapo?

Ostadhi wa Duga: Usinivunjie heshima.

Bibi wa Pangani: Acheni kugombana, wanangu. Mtani ana haki yake, ukimfukuza utatozwa. Na kazi anafanya: anachimba, anateka maji, anaondoa simanzi. Mwenye masihara anakula tu na kuondoka. Hata akiwa mjukuu wa kuzaa, kama mfiwa hajacheka, hayo ni masihara.

Mdau wa Raskazone: Kupiga mtu mwiko wa moto ni kesi polisi.

Chumbageni kwetu: Nenda kaifungue, dereva awe shahidi.

Mkazi wa Makorora: Basi kijana kama yule mnamfanyaje?

Mdau wa Raskazone: Mpuuze.

Bibi wa Pangani: Mpe ndoo akateke maji.

Chumbageni kwetu: Mwambie mfiwa anamwita. Simu itaingia mfukoni yenyewe.

Kimya Kingi: Mzigua, dereva alikula ule wali?

Mzigua wa Muheza: Sahani mbili. Na shangazi ndiye aliyempakulia.