MJADALA: Wanaojitolea kuwafundisha vijana wetu biashara, tuwapokee tu au tuwawekee masharti?

Wadau wa Kigoma, hili limenikaa rohoni tangu mwaka jana.

Walikuja wahitimu wa vyuo kujitolea kwenye sekondari anayosoma mdogo wangu hapa manispaa. Kila Jumatano baada ya vipindi waliwafundisha kidato cha pili mtaji, faida, hisa, mahitaji na ugavi. Watoto wakaunda kampuni yao, kila mmoja akachanga shilingi elfu moja, wakachagua mwenyekiti na mtunza fedha, wakashuka mwalo wa Kibirizi, wanakoshusha samaki, kununua dagaa wabichi ili wawakaushe na kuwauza kwa pakiti. Wiki ya sita wageni wakagawa vyeti, wakapiga picha, wakaondoka. Dagaa walikuwa bado kwenye chanja.

Hakuna aliyewaambia watoto kama walipata au walikula hasara, wala aliyewarudishia elfu moja zao. Mdogo wangu ana cheti ukutani na daftari lenye ukurasa wa mapato. Ukurasa wa matumizi ni mweupe.

Msimamo wangu: waje, lakini anayeanzisha kampuni na watoto asiondoke kabla ya kufunga hesabu. Mtindo huu ni wa zamani. Junior Achievement, taasisi ya kuwafundisha vijana biashara iliyoanza Marekani mwaka 1919, ilijengwa juu yake: vijana wanauza hisa, wanatengeneza bidhaa, wanauza, halafu wanafunga hesabu na kugawana kilichobaki. Huku kwetu hiyo hatua ya mwisho ndiyo iliyorukwa, na ndiyo yenye somo.

La pili, wafanyabiashara wetu wawe ndani ya darasa. Siku ile mwaloni nilikuwepo. Mgeni alishapiga hesabu: bei ya beseni, bei ya kilo, toa hii kwenye hii, faida hiyo hapo. Mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa wake akaja, akaokota wawili kwenye chanja. Wa kwanza alipomkunja alivunjika, ka! Wa pili akapinda bila kuvunjika. "Huyu ukimfunga kwenye gunia leo, Dar anafika na ukungu." Kisha akawauliza watoto, kilo mlizonunua mbichi, mnadhani ndizo mtakazouza kavu? Kimya. Na mbalamwezi ikiingia, mtanunua kwa nani?

Wanaojua Ziwa Tanganyika wanaelewa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu vyombo vingi hulala ufukweni na bei inapanda. Mahitaji na ugavi ndiyo hayo, na mgeni alikuwa ameyaeleza ubaoni kwa mfano wa matufaha.

Karibuni tujadili.

Mwalimu, Ujiji
Ndugu, nakubaliana na la kwanza. La pili nalipinga. Nilimwalika muuza mawese darasani kwangu. Alieleza vizuri mno habari ya kununua ngazi (matunda ya mchikichi), kukamua, na mise (kokwa zake) zinavyouzwa peke yake. Mwanafunzi akamuuliza mbona madumu yake yamebonyezwa ubavuni, yakaingia mafuta pungufu. Akajibu, "Ndiyo biashara hiyo," na darasa zima likashangilia. Niliumia. Anayejua soko si lazima awe anafaa kulea. Halafu mtaala mpya umeifanya Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima, kwa hiyo mwalimu yupo. Anayejitolea aje anisaidie mimi niliyesoma biashara vitabuni, asinipokonye darasa akaniachia maswali.

Kijana wa Gungu
Mafunzo tumeshiba. Nina vyeti vitatu vya ujasiriamali na sina hata meza ya kuuzia. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hao wanaojitolea watufikishe huko, hisa za elfu moja wawaachie watoto.

Mama wa Mwanga
Mimi mwanangu alionja hela ya kuuza, akaanza kutoroka shule siku za gulio. Mnapopanga, hilo mlikumbuke.

Mleta mada
Mwalimu, kwa madumu umenishinda, nakubali. Mfanyabiashara asiingie peke yake; wewe uwe umekaa pale, na siku hiyo dumu lililobonyezwa na dumu zima vijazwe maji mbele ya wanafunzi, wapime tofauti, waseme mteja ameibiwa kiasi gani. Ningetamani mgeni naye awepo aone.

Mama, una haki. Kazi ya kampuni ifanyike baada ya vipindi tu, na fedha zikae kwa mwalimu hadi siku ya kufunga.

Kijana wa Gungu, mtaji ni kilio cha kweli, sikubishii. Ila mikopo hiyo ilisitishwa 2023, ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya, na marejesho yalikuwa miongoni mwa matatizo. Chukua mfano: kikundi kimekopa Aprili kinunue dagaa. Ziwa likafungwa kwa uvuvi kama mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu huna mzigo, na deni lipo palepale. Aliyewahi kufunga hesabu hata ya beseni moja angejiuliza mapema hiyo miezi ataishije. Mwenye ukurasa mweupe wa matumizi hajiulizi.

Wageni wameomba kurudi muhula ujao. Nimeongea na mkuu wa shule, amekubali sharti la kufunga hesabu liandikwe kabla hawajaanza. Yule mama wa Kibirizi nimemfuata, naye yuko tayari. Ameomba mizani tu, kilo za siku ya kununua na kilo za siku ya kuuza ziandikwe na watoto wenyewe kwenye daftari moja. Shule haina. Mwalimu wa Ujiji, kwenu ipo ya kuazima?