Tumelipa kulala Matema, tukapangwa kwenye njia ya mawimbi huku sehemu ya juu ikiwa tupu usiku kucha

Wakuu, habari za majukumu. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa "wapi pa kwenda wikiendi". Mimi sitafuti pa kwenda, nimeshakwenda na nimerudi na godoro linalovuja maji kwenye buti la gari.

Sabasaba niliamua kuwapeleka wanangu wakalale kwenye hema Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Tunaishi Mbeya mjini, na lami siku hizi inakufikisha: unapita Tukuyu na baridi yake, unashuka joto la Kyela linakupokea, Ipinda, halafu ziwa hilo, na Milima ya Livingstone imesimama pembeni kama ukuta. Uzuri wa mahali sina neno. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, mama watoto akanunua chungu cha akina mama wa Kikisi wa Ikombe. Mpaka hapo raha mustarehe.

Kambi ni ndogo, jina naliacha. Choo cha shimo, maji ya ndoo, umeme hakuna. Hayo ndiyo tuliyoyafuata! Nimekulia Rungwe, choo cha shimo hakiwezi kunitoa machozi. Atakayekuja kunijibu "ungeenda hoteli" tutajua hajasoma.

Elfu 15 kwa kichwa, mtoto na mkubwa sawa, na hema ni letu. Tulikuwa watano pamoja na shemeji yangu, jumla 75,000. Kuni za kukumbatia kwa mkono mmoja, elfu tano. Nikalipa kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi. Risiti? "Mashine imeisha karatasi, bosi." Haya.

Sasa kilichonileta hapa. Kiwanja chao kina sehemu mbili. Juu kuna miembe, nyasi na udongo mgumu unaoshika vigingi. Chini ni mchanga mtupu, kama hatua kumi na tano kutoka kwenye maji. Nilikuwa nimeshaanza kushusha mizigo kule juu, kijana wa mapokezi akaja mbio.

"Bosi, hapo ni pa wageni."

"Na mimi ni nani?"

"Namaanisha wageni wa kigeni, wanaolipa dola. Wabongo ni kule chini."

Nikameza. Watoto walishavua viatu wako majini, sikutaka kuwaharibia siku.

Jioni jua linazama nikawaona wavuvi wanavuta mitumbwi yao. Wakaipitisha kwenye mahema yetu, wakapanda nayo mpaka kwenye miti ndipo wakaiacha. Nami nimekaa na kikombe changu cha chai nawaangalia, nasema hawa jamaa wana nguvu kweli. Sikujiongeza hata kidogo. Hilo kosa nalikubali.

Maana ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kwenye ncha yake ya kaskazini kabisa. Mwera, ule upepo mkali wa ziwani, ukivuma kutoka kusini miezi hii ya kipupwe, unalisukuma wimbi njia nzima bila kizuizi, na hasira zote linakuja kuzimalizia hapo. Mwenyeji hahitaji kuambiwa na TMA, watu wa hali ya hewa. Yule kijana alijua. Mlinzi alijua. Mitumbwi iliokolewa saa kumi na mbili, sisi tukaachwa.

Saa nane usiku vigingi vikaanza kung'oka kimoja kimoja, mchanga haushiki kitu. Mara hema limetuangukia, na maji yameshaingia. Mtoto wa miaka minne analia gizani, shemeji anatafuta tochi, mke wangu anatafuta mtoto. Tukatoka na tulichoweza, tukakimbilia juu kwenye miembe. Mnajua tulikuta nini? Hakuna mtu. Hakuna hata hema moja. Hao wageni wa dola hawakuwepo mchana, na usiku hawakuwepo.

Mlinzi akatoka amejifunika blanketi, akatumulika. "Mzee, hapa hamruhusiwi." Namshukuru shemeji yangu alinishika mkono.

Tumemalizia usiku ndani ya gari, watu watano kwenye kigari kidogo. Asubuhi nikampigia mwenye kambi, nikamweleza kwa ustaarabu kabisa. Akanijibu kwamba kambi yake ni ya mazingira ya asili na upepo ni sehemu ya asili. Miembe nayo si asili? Au asili ya juu ina bei ya dola na asili ya chini ndiyo yetu?

Sidai fidia ya simu iliyoingia maji wala nguo. Nadai 75,000 yangu tu. Tangu Jumatatu hapokei simu zangu. Jana nilipiga kwa namba ya mke wangu, akapokea vizuri tu, "karibu Matema, mko wangapi?" Aliposikia sauti yangu akakata.