Amemkalia babu yangu, tena anacheka!

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Ni yule bwana wa funguo za stoo ya nyaraka za zamani za serikali. Simtaji, hakuna haja. Aliyewahi kupanda zile ngazi anamjua: miwani kaifunga kwa kamba ya kiatu, na jibu lake kwa swali lolote ni "njoo Alhamisi". Nimekwenda Alhamisi sita. Leo ya saba, nikamkuta.

Nilichofuata ni kidogo tu. Rejista ya kodi ya kichwa, ya wakati wa Mwingereza. Desemba tuna mkutano wa ukoo na hakuna anayejua baba yake babu aliitwa nani, waliojua tumeshawazika wote. Daftari linajua. Tangu ile sheria ya kodi ya 1922 mkoloni hakuacha mtu, na babu mwenyewe alikuwa akitusimulia karani alivyomwandika: jina, jina la baba, kijiji, jumbe wake nani.

Nikaamkia shikamoo, na huenda namzidi umri. Kimya. "Unadai kiwanja?" Sidai. "Mirathi?" Mirathi gani, babu kaacha kinu na deni la baiskeli. "Sasa majina ya wafu ya nini?"

Hapo ndipo nikaona. Kiti chake kimeisha sponji, kwa hiyo kakiongezea kimo kwa madaftari. Manne, majalada ya turubai, mgongoni wino wa zamani, mwaka na mahali. La pili kutoka juu limeandikwa kwetu. Wakuu, amemkalia babu yangu!

Nikamwambia, mzee, hilo ulilokalia ndilo ninalolitafuta. Akacheka. Hakuinuka hata kidogo, akajigeuzageuza kama kuku anayepanga mayai, akasema, "Hili haliruhusiwi kwa raia." Kusomwa haliruhusiwi, kukaliwa ruksa! Nikamtajia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002, kwamba baada ya miaka 30 umma unafunguliwa. Akaniuliza kama mimi ni wakili. Nikasema fundi friji. "Basi rudi kwenye friji."

Mafaili ya Mjerumani yaliyopo Dar, UNESCO waliyaingiza kwenye Kumbukumbu za Dunia tangu 1997. Dunia inayavulia kofia. Huku kwetu tunayawekea makalio, na yale si makalio ya kitoto, babu yangu alikuwa mwembamba, sasa hivi atakuwa amebaki unene wa karatasi ya sigara. Na alicheka!

Siti ya Dirishani: Uzi bila picha ni batili. Tunataka picha ya kiti.

Mjukuu wa Kinu (mleta mada): Ningepiga picha uzi huu ningeuandikia mahabusu.

Kiroboto Mstaafu: Shukuru mkuu, wako anapata joto. Wangu kaliwa na mchwa tangu mvua za El Niño, 1997 hiyohiyo unayoisifia.

Mzee wa Kanuni: Mleta mada, soma sheria vizuri. Ile miaka 30 ni ya nyaraka zilizokwishapelekwa Nyaraka za Taifa. Hilo daftari halijapelekwa popote, liko chini ya mtu.

Mjukuu wa Kinu: Sasa litapelekwaje wakati amelikalia?!

Mama Pacha: Mimi nakuombea asiinuke. Mwenye wake wengi alilipishwa zaidi, kwa hiyo waliandikwa. Utafungua ukute babu ana nyumba tatu na bibi yako hayumo. Mkutano wa Desemba ugeuke baraza la usuluhishi.

Mjukuu wa Kinu: Hata awe na nyumba kumi, nimwone kwanza. Amemkalia jamani!

Kaskazini Baridi: Vile vitabu vya wilaya walivyoandika mabwana shauri, vyenye habari za koo na watemi, vilipigwa filamu. Nimesoma cha kwetu hapa London, dada kaniletea boksi mezani na tabasamu juu. Nyumbani hata mlango sikuwahi kuupita.

Siti ya Dirishani: Ilichelewa. Uzi wa saba wiki hii tunakumbushwa kuwa uko London.

Mwana Kwaya: Ninyi mnalia na serikali, hamjakutana na karani wa parokia yetu. Kitabu cha ubatizo kipo, jina la bibi limo, nimeliona kwa macho yangu juu chini. Anataka kwanza risiti za zaka za marehemu. Bibi kafariki 1971!

Kiroboto Mstaafu: Ulipe tu, huenda ndicho kinachomzuia mlangoni kwa Petro.

Mama Pacha: Afadhali parokia. Katibu wa ukoo wetu kaandika vizazi vyote kwenye simu yake, miaka minne anazunguka kwa wazee. Simu ikaingia kwenye ndoo ya dagaa. Sasa kila mtu kwenye ukoo ni mjomba.

Dogo Toroli: Mwizi halisi pale ni yule wa fotokopi chini ya mwembe. Ukurasa mmoja bei ya sahani ya ubwabwa, halafu anakata jina la baba pembeni.

Siti ya Dirishani: Usitaje ubwabwa wa pale. Yule mama siku hizi maharage anayahesabu.

Dogo Toroli: Kumi na moja. Niliyahesabu Jumanne.

Mzee wa Kanuni: Uongo. Mimi nilipata tisa.

Mjukuu wa Kinu: Jamani, babu yangu...

Mwana Kwaya: Subiri kwanza mkuu. Hayo tisa, ni sahani ya nyama au kavu?