Vitu vya kubeba kila siku kwa ajili ya usalama: nibaki na nini, niache nini?

Mpita Njia

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Miezi kadhaa iliyopita nilibadilishiwa zamu kazini, na sasa ninatoka saa nne na nusu usiku, siku nne kwa wiki, kisha ninatembea kwa miguu kama dakika 20 hadi kituo cha basi. Sehemu ya njia hiyo ina taa na sehemu nyingine haina, na katikati yake kuna kivuko cha chini ya barabara ambacho mchana hakina neno, lakini usiku hunifanya niongeze mwendo bila kujijua. Sijapatwa na baya lolote hadi leo. Hata hivyo hofu imenituma dukani mara kadhaa, na kila mara nimerudi na kitu kipya.

Matokeo yake ni kwamba mkoba wangu sasa umebeba kisu cha kukunja, kopo la dawa ya pilipili ya kupuliza, kalamu ya chuma yenye ncha kali, tochi kubwa ya betri nne, king'ora cha kuvuta kamba, kisanduku cha huduma ya kwanza, na pawabenki nzito kama tofali. Wiki iliyopita simu yangu iliita nikiwa ndani ya kivuko kile, nami nikasimama gizani nikiipapasa kwa muda mrefu, kwa kuwa ilikuwa imezama chini ya zana zote nilizozinunua ili zinilinde. Nilipofika nyumbani nilizimwaga zote kitandani, nikaona aibu kidogo.

Naomba ushauri wa wale ambao wamebeba vitu vya namna hii kwa miaka, si kwa wiki mbili za mwanzo. Ni vipi vinavyostahili kubaki, vikae wapi mwilini, na ni vipi ambavyo ninyi wenyewe mlivibeba kisha mkaviacha?

Fundi Betri

Ndugu Mpita Njia, swali lako la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu orodha nyingi za vitu vya kubeba huandikwa na watu waliotoka dukani punde. Mimi nimefanya kazi za usiku kwa zaidi ya miaka 10, na kabla sijakujibu ningependa uchukue karatasi uandike yale yaliyokukwamisha njiani katika mwaka uliopita. Nadhani utakuta simu iliyozimika, ngazi usiyoiona, mvua, funguo zilizojificha mkobani, na pengine mtu aliyekufuata kwa hatua kadhaa kisha akashika njia yake. Unachokibeba kila siku kijibu kwanza mambo hayo, maana hayo ndiyo yanayotokea.

Kwa sababu hiyo ninaanza na tochi, lakini si hiyo yako ya betri nne. Tochi yenye urefu wa kidole, inayotumia betri moja ya AA na kukaa mfukoni, itakuwa imekwisha washwa wakati ile kubwa bado unaitafuta. Watu hukimbilia idadi ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, iliyoandikwa kwenye kasha, ilhali kwa kutembea tu lumeni 50 hadi 100 zinatosha, na 300 zitakuonyesha mwisho wa kivuko chako kabla hujaingia. Ukitaka kulinganisha tochi mbili kwa haki, tafuta alama ya kipimo cha FL1, kilichoanzishwa Marekani mwaka 2009 na ambacho watengenezaji wengi sasa hukifuata. Umbali unaotajwa hapo ni ule ambao mwanga umefifia hadi luksi 0.25, yaani karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu, na muda unaotajwa huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo tochi iliyoandikwa saa 8 yaweza kukupa mwanga wa kuridhisha kwa sehemu tu ya saa hizo, na zilizobaki ukatembea na kimulimuli.

Taa ya simu inafaa kutafutia tundu la kitasa. Zaidi ya hapo inakula chaji ya chombo kile kile utakachokihitaji kuita msaada, na inakulazimu kutangulizia gizani kitu cha thamani kuliko vyote ulivyo navyo. Nikuongezee jambo dogo ambalo limenigharimu tochi mbili: betri za kawaida za alkalaini huvuja zikisahauliwa humo kwa muda mrefu, lakini zile za lithiamu za ukubwa wa AA, ambazo hazichajiwi, ni nyepesi zaidi na hukaa miaka mingi bila kuvuja kirahisi.

Kuhusu pawabenki, lirudishe tofali nyumbani. Ya mAh 5,000 (hicho ni kipimo cha ujazo wa betri) itakupa kama theluthi mbili tu ya ujazo huo, kwa kuwa umeme mwingine hupotea katika kubadilishwa, na hicho ni kiasi cha kutosha kufufua simu iliyokufa. Kinachosahaulika kila mara ni waya wake.

Mfunga Jeraha

Naunga mkono yaliyosemwa kuhusu tochi, nami nizungumzie kisanduku cha huduma ya kwanza, kwa sababu ndiyo kazi ninayoifundisha. Visanduku vidogo vinavyouzwa tayari huwa vimejaa plasta, pamba, na mkasi usioweza kukata hata karatasi ngumu. Plasta ni kitu chema, lakini kidonda cha plasta kinaweza kusubiri mpaka ufike nyumbani. Kinachoweza kumuua mtu kabla msaada haujafika ni damu inayomwagika kwa kasi. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu mwilini, na mshipa mkubwa wa ateri ukikatika, kwa kioo, kwa ajali ya pikipiki au kwa kitu kingine chochote, dakika chache zinatosha kumaliza maisha yake.

Mimi ninabeba glavu mbili, roli moja ya shashi na bendeji ya kukandamiza, vyote vikiwa vimebanwa ndani ya mfuko bapa unaolingana na daftari dogo. Unapokutana na damu nyingi, kandamiza kwa nguvu pale pale inapotoka, usifunue kila mara kuchungulia kama imekoma, na umtume mtu mwingine apige simu. Ninabeba pia turniketi, yaani mkanda wenye kijiti cha kuzungusha ili kukaza mkono au mguu. Kifaa hiki hufungwa kama sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si juu ya kiungo kama goti au kiwiko, hukazwa mpaka damu ikome, na saa ya kukifunga huandikwa palipo wazi. Kinauma sana, na mgonjwa atakuomba ukilegeze. Usikilegeze, waachie wahudumu wa afya. Naomba usikinunue kabla ya kufundishwa, na ukikinunua usikimbilie cha bei ya chini kabisa, kwa kuwa ziko nakala bandia ambazo kijiti chake huvunjika unapozungusha kwa mara ya mwisho, ambayo ndiyo yenye maana.

Weka pia kadi ndogo ya karatasi katika pochi. Watu wengi huandika kundi la damu na kuona wamemaliza, ingawa hospitali italipima upya kabla ya kukuongezea damu. Andika dawa unazozitumia, vitu vinavyokudhuru, maradhi ya kudumu kama kisukari au kifafa, na namba za watu wawili. Taarifa hizo hizo zinaweza kuwekwa katika simu ili zisomeke hata skrini ikiwa imefungwa. Simu nyingi za kisasa zina pia njia ya kuita msaada kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia mara 5 mfululizo, lakini fungua mipangilio uhakikishe kwamba imewashwa na kwamba itampigia unayemtaka.

Sheria Kwanza

Nimeona kwamba wenzangu wamezunguka kisu na kopo la pilipili bila kuvigusa, basi nivishike mimi. Kabla ya kuuliza kama kitu kinafaa, uliza kama unaruhusiwa kuwa nacho barabarani, kwa sababu sheria zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Nchini Uingereza dawa ya pilipili imo katika kundi la silaha zilizopigwa marufuku chini ya sheria ya silaha za moto ya mwaka 1968, na kisu kinachoruhusiwa kubebwa hadharani bila sababu maalumu ni kile cha kukunja, kisichojifunga kikifunguliwa, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kwingineko kopo hilo hilo huuzwa madukani waziwazi. Kuwa kitu kimeuzwa kwako si ushahidi kwamba unaruhusiwa kutembea nacho, na kusema kwamba ulikibeba ili kujilinda kunaweza, mahali pengine, kuwa ndiko kukiri kosa lenyewe.

Kisu nakushauri ukiache hata kama sheria inakuruhusu, isipokuwa unakitumia kazini kukata kamba na maboksi. Kwa kujilinda kinadai umkaribie yule yule unayetaka kumkimbia, kinaweza kunyang'anywa, na kinageuza tukio la kuporwa simu kuwa la kupoteza uhai. Kalamu ya chuma ina kasoro hiyo hiyo, ila angalau inaandika. Na kwa kuwa wengine watakuambia ubane funguo katikati ya vidole na kukunja ngumi, jaribu nyumbani kusukuma ukuta polepole kwa ngumi ya namna hiyo, uone funguo zinaumiza upande gani.

Ninachokipendekeza ni kelele. King'ora chako kina sifa moja nzuri, kwamba ukiisha kuvuta kamba kinaendelea kulia hata kikianguka. Ubaya wake ni betri yake ndogo, ambayo hufa kimya kimya, hivyo kijaribu kila mwezi. Filimbi haina betri. Chagua isiyo na kipira ndani, kwa sababu kipira hunasa kwa maji au uchafu; aina ya Fox 40, iliyobuniwa na mwamuzi wa mpira wa kikapu wa Kanada, Ron Foxcroft, na kuingia sokoni mwaka 1987, ilitokana na kero hiyo hiyo. Mipulizo mitatu, kituo, kisha mitatu tena, ni ishara inayotambulika sehemu nyingi kuwa ni ya mtu aliye hatarini.

Zamu ya Tatu

Kwa heshima zote, sikubaliani na ndugu Sheria Kwanza anapoitaja dawa ya pilipili kana kwamba ni sawa na kisu. Mahali inaporuhusiwa, ndicho kifaa pekee katika orodha ile kinachomzuia mtu akiwa bado yuko mbali nawe, hata kama umbali wenyewe ni mita 2 au 3 tu, na athari zake, ingawa ni kali, kwa kawaida hupungua ndani ya saa moja. Nimebeba kopo kwa miaka 6 na nimelitumia mara moja, kwa mbwa.

Ila nakiri kwamba wengi wanaolibeba hawalijui. Kopo lina tarehe ya mwisho, kwa sababu msukumo wa gesi hupungua kadiri miaka inavyopita. Likiachwa ndani ya gari juani linaweza kupasuka. Upepo ukivuma kuelekea kwako utavuta sehemu yako, na kivuko cha chini ya barabara, ndugu Mpita Njia, ni mahali pabaya kuliko pote pa kulipuliza, kwa kuwa ni bomba la upepo lenye kuta pande zote. Kama utabaki nalo, nunua na lile la maji la mazoezi, ujifunze kuondoa kizuizi kwa kidole gumba bila kutazama. Kama hutafanya hivyo, basi ninakubaliana na mwenzangu: liache.

Mpita Njia

Nawashukuru nyote, na hasa kwa kutonicheka. Nimefuata agizo la kuandika yaliyonikwamisha, na karatasi yangu ina simu kuzimika mara nne, kujikwaa mara mbili katika ngazi za kivuko, na mbwa mmoja. Kisu na kalamu vimebaki kwenye droo. Kopo nalo nimeliweka pembeni, kwa kuwa nilipoligeuza niliona tarehe yake ilipita mwaka jana, jambo ambalo sikulitazama hata siku niliyolinunua.

Sasa simu iko mfuko wa mbele wa kushoto, peke yake. Tochi ndogo iko kulia. Mkobani kuna pawabenki ndogo na waya wake, shashi, bendeji na glavu, na kadi imo katika pochi. Filimbi nimeivaa shingoni kwa kamba ya viatu. Nimeuliza pia kama kuna mwenzetu kazini anayepita njia ile, nikagundua tuko watatu, ambao kwa miezi yote hii tumekuwa tukiachana kwa dakika tano tano.

Fundi Betri

Hao wenzako wawili wamenifurahisha kuliko tochi. Hiyo kamba ya viatu tu ndiyo iondoe leo leo, kwa sababu haikatiki, na mtu akiishika atakuwa ameshika shingo yako. Tafuta kamba yenye kifungo kinachoachia kikivutwa kwa nguvu, au uifunge filimbi kwenye mkanda wa begani wa mkoba, karibu na kidevu, mahali mdomo utakapoifikia hata mikono ikiwa imejaa.