Tupeane uzoefu: kuandika kila siku kabla ya mtihani wa IELTS

Mwanzisha mada (muuguzi, Kampala)

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo moja tu, nalo ni mazoezi ya kuandika kila siku kabla ya mtihani wa IELTS, ule unaopima Kiingereza cha wanaotaka kwenda kusoma, kufanya kazi au kuishi ng'ambo. Kusikiliza, kusoma na kuzungumza tuyaache kwa sasa, kwa sababu wengi wetu hapa Uganda tumesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi na sehemu hizo hazitutoi jasho sana. Inayotukwamisha ni kuandika. Nianze mwenyewe.

Baraza linalosajili wauguzi nchini Uingereza linataka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mara ya kwanza nilipata 6 katika kuandika, ilhali nyingine zote zilifika 7 na kupita. Nikajiambia kwamba kilichonipungukia ni mazoezi, nikanunua daftari la kurasa 96, na kwa miezi miwili nikaandika insha moja kila siku bila kuruka hata Jumapili. Nikarudi kwenye mtihani nimejaa matumaini. Matokeo yalipotoka, kuandika ilikuwa 6 ile ile.

Jioni ya siku hiyo nilichukua kalamu nyekundu nikaanza kulisoma daftari tangu ukurasa wa kwanza, jambo ambalo, nakiri kwa aibu, sikuwahi kulifanya hata mara moja. Nilikuta kwamba karibu kila nilipoanza sentensi kwa "although", kipande cha pili nilikianza kwa "but", kwa kuwa kichwani nilikuwa nasema "ingawa mshahara ni mdogo, lakini watu wanaipenda kazi". Kiswahili kinavumilia "ingawa" na "lakini" zikae pamoja. Kiingereza kinataka uchague moja. Kosa hilo lilikuwemo katika insha ya kwanza, likawemo katika ya thelathini, na katika ya mwisho lilikuwemo vilevile, ila kwa mwandiko uliokwisha kunyooka. Kumbe muda wote ule nilikuwa nalifanyia mazoezi kosa lenyewe.

Tangu hapo nilipunguza insha. Siku ya kwanza naandika kwa dakika 40, saa ikiwa mbele yangu. Siku ya pili siandiki jambo jipya, nasahihisha ya jana na kuiandika upya. Siku ya tatu nafunga daftari na kuiandika insha hiyo hiyo bila kuitazama. Kwa mwezi mmoja na nusu nilimaliza insha 15 tu, nikapata 6.5. Kalamu haikulala hata siku moja, lakini mada mpya ilikuja kila baada ya siku tatu.

Mwanafunzi, Wandegeya

Dada, hongera sana, ila mimi yaliyonipata ni tofauti. Sarufi yangu haikuwa mbaya. Nilikuwa najibu swali ambalo sikuulizwa. Watahini wanapima mambo manne yenye uzito sawa: kama umelijibu swali, kama hoja zinafuatana na kushikana, msamiati wako, na sarufi yako. Mimi nilijenga matatu ya mwisho na kulisahau la kwanza. Swali likiuliza nakubaliana na jambo kwa kiwango gani, nilieleza faida katika aya moja na hasara katika nyingine, kisha nikaaga bila kusema msimamo wangu ni upi.

Dawa yangu ilikuwa kuacha kuandika insha nzima kila siku. Nilikuwa nachukua maswali matano asubuhi, na kwa kila moja naandika sentensi ya msimamo, hoja mbili, na mfano mmoja kwa kila hoja, basi. Dakika kumi kwa swali, zikiisha nageuza ukurasa. Insha kamili niliiandika Jumamosi tu, kwenye kompyuta ya kukodi, kwa sababu nilikuwa nimechagua mtihani wa kompyuta na vidole vyangu vilizoea simu. Nikagundua jambo jingine: sehemu ya pili, ile ya maneno yasiyopungua 250, ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza ya kueleza grafu kwa maneno 150, nami kati ya dakika 60 nilikuwa naimalizia dakika 35 sehemu ya kwanza kwa sababu tu imetangulia. Siku ya mtihani nilianza na ya pili, na hakuna anayekuzuia.

Mwalimu mstaafu, Arua

Wanangu, mimi nilifanya mtihani wa aina ile ya wahamiaji, kwa ajili ya kumfuata binti yangu Kanada, na katika aina hiyo sehemu ya kwanza si grafu bali ni barua. Nilidhani barua ni mchezo kwangu. Tatizo langu lilikuwa adabu. Sisi mtu hamwendei mwenzake na shida kabla ya kumjulia hali, kwa hiyo barua yangu ya kulalamikia jokofu bovu ilianza kwa salamu, ikafuata pole ya kumsumbua meneja, ikafuata sifa za duka lake, na jokofu likatokea kwenye aya ya tatu maneno yakiwa yamekwisha. Nilikaa wiki tatu nikiandika kila siku sentensi ya kwanza tu, barua kumi sentensi kumi, kila moja ikitaja shida papo hapo. Moyoni bado naona ni utovu wa adabu.

Mkazi wa Nakivale

Mimi ni Mkongomani, nimesoma kwa Kifaransa hadi sekondari, na Kiingereza nimekianzia hapa kwenye kambi ya wakimbizi, kwa hiyo makosa yangu yana mama mwingine. Nilikuwa naandika "actually" nikimaanisha "kwa sasa", na "assist" nikimaanisha kuhudhuria mkutano, kwa kuwa Kifaransa kina maneno yanayofanana nayo sura lakini si maana. Kila neno la namna hiyo nililipa ukurasa wake mwishoni mwa daftari.

Lakini nilichotaka kusimulia ni grafu. Sikuwa na vitabu vya mazoezi, na pesa za kununulia intaneti ni za kuhesabu, basi nikajitengenezea grafu mwenyewe. Kila asubuhi wiki nzima nilihesabu jerikani zilizopangwa kwenye foleni ya bomba la maji karibu na kwetu, saa moja, saa tatu na saa tano, nikachora nguzo kwa rula. Jumatatu foleni ilikuwa fupi, Alhamisi ikawa karibu mara mbili yake, Ijumaa bomba lilikauka na nguzo ikakosekana kabisa. Halafu nikaandika maneno 150 nikieleza kilichopanda, kilichoshuka na kilichobaki palepale, bila kusema kwa nini, kwa maana sehemu hiyo inataka ueleze unachokiona, haikuombi maoni. Kujizuia kusema kwa nini bomba lilikauka ndiko kulikonishinda mwanzoni, maana sababu niliijua, na iliniuma.

Muulizaji, Jinja

Nawashukuru nyote. Naomba kuuliza, asiye na mtu wa kumsahihishia afanyeje? Programu za simu zinatosha?

Mkazi wa Nakivale

Kaka, mimi nilimpata mzee kutoka Sudan Kusini aliyewahi kufundisha Kiingereza, naye alitaka Kiswahili cha sokoni. Tukabadilishana: yeye insha moja, mimi nusu saa ya maongezi. Hakuwa anasahihisha, alipiga mstari chini ya kosa na kunirudishia, nami nilitafute mwenyewe.

Mwanzisha mada

Kuhusu programu, nilizijaribu. Ukiipa insha mbichi inakurudishia insha safi, wewe ukabaki ulivyokuwa. Siku hizi nasahihisha kwanza kwa kalamu nyekundu, ndipo naiuliza programu, na ninachonakili kwenye daftari ni yale tu yaliyonipita.

Kuna aliyeniandikia pembeni kuuliza dakika 40 nazipata wapi nikiwa zamu ya usiku. Nazipata kati ya saa tisa na saa kumi, wodi ikitulia na mwenzangu akiwa macho. Mgonjwa akiita naondoka, ila saa siisimamishi. Juzi niliitwa mara mbili. Niliporudi zilibaki dakika sita na aya ya pili ilikuwa imekatika katikati ya sentensi, ikianza na "although". Niliitazama kidogo, nikaweka mkato, nikaendelea bila "but".